Mstari Mmoja Vifuani mwa Akina Mama wa Likasi

Haya, mmeshinda. Tangu nishuke kwenye basi mmekuwa mkiniuliza swali lile lile, kila mmoja kwa wakati wake, na mimi nawajibu vipande vipande: huyu nimemsimulia chakula, yule nimemsimulia barabara, na hakuna aliyeipata habari nzima. Sasa naandika yote mara moja, msome, kisha mniache nifanye kazi. Mambo ya tiketi na mihuri nayaruka, maana yalinichosha nilipokuwa nayapitia na sioni kwa nini yawachoshe na ninyi.

Kwa yule ambaye hajui kilichonipeleka: mimi ni sonara, na fundi aliyenilea kwenye kazi hii alinipa sheria moja kabla ya zote, kwamba hereni ya kushoto na ya kulia lazima ziwe mapacha. Nimeishi na sheria hiyo maisha yangu yote. Halafu mwanamke mmoja wa Likasi, huko Katanga, aitwaye Bea, ambaye tulifahamiana kwenye simu kupitia kundi la mafundi, akanitumia picha ya hereni za shaba alizotengeneza mwenyewe. Moja ilikuwa ndefu, imekunjwa mara moja tu katikati. Nyingine ilikuwa duara dogo lenye tundu pembeni. Nikamwandikia pole, dada, naona zimechanganyika, wenzao wako wapi? Akanirudishia ujumbe wa sauti, taratibu kabisa, kwamba ndizo hizo hizo: "Njo zenyewe, mama. Kila sikio iko na mambo yake."

Nilicheka. Kisha wiki nzima sikuweza kuzitoa kichwani. Nilikuwa nikishika hereni zangu mapacha dukani naona zimenuna. Mnanijua, kitu kikinikera huwa nakifuata mpaka kwao, kwa hiyo aliponiambia ana kazi kubwa ya sikukuu ya parokia na angependa nije nione, sikusubiri aniambie mara ya pili.

Mbeya hadi Serenje

Tunduma tulifika salama, na Nakonde tukapanda basi la Zambia lenye viti vizuri na injini ya mashaka. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa Chinsali, mnene, mcheshi, amebeba kikapu cha chikanda, ile keki ya mizizi na karanga wanayokata vipande kama soseji. Alinimegea kabla hata hatujaamkiana. Kiswahili alikijua kidogo, Kibemba mimi sikijui kabisa, tukaelewana kwa chikanda.

Mkononi alivaa bangili tatu za shaba, za kuzuia maumivu ya viungo. Mimi na macho yangu ya kazi nikaanza kuzichunguza, nikashindwa kunyamaza, nikamwambia kwamba hizo si bangili za fundi, ni waya wa umeme uliosokotwa. Akanitazama, akaendelea kutafuna, akasema hata mimi nimetengenezwa kwa ugali na bado watu wananisalimia. Abiria wa nyuma aliyetutafsiria alicheka mpaka akakohoa.

Karibu na Serenje mashaka ya injini yalitimia. Tukashushwa kando ya barabara, dereva akaingia chini ya gari, na tukabaki pale mpaka jua likazunguka upande wa pili. Nilinung'unika sana. Yule bibi alitandika kanga yake chini ya kivuli cha basi akalala usingizi wa mtoto, bangili zake zikiwa juu ya tumbo. Nikazitazama tena kwa kukosa kazi. Waya ulikuwa umesokotwa na mtu aliyejua kusokota, ncha zimefichwa ndani ili zisikwaruze ngozi. Nilijilazimisha kukubali kwamba mtu aliyefanya hivyo alifikiri, ingawa sikumwamsha bibi kumwambia.

Kasumbalesa

Kama hamjawahi kuona foleni ya malori, nendeni Kasumbalesa. Yanapanga mstari kutoka mpakani hadi macho yanapoishia, na madereva wanaishi hapo: wanapika, wanafua, wananyoana nywele. Wengi ni ndugu zetu. Mimi nilisikia Kihehe kabla ya kusikia Kifaransa.

Dereva mmoja wa Makambako aliponisikia lafudhi aliniita nikanywe chai kwenye jiko lake la mkaa. Lori lake lilikuwa linatoka, limebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda, yanakwenda bandarini Dar. Akaniuliza kama nimekuja kununua shaba. Nikamwambia nimekuja kuitazama. Alidhani namdhihaki, ikabidi nimweleze habari ya Bea, kwamba kuna mtu huko Likasi anaitengenezea mapambo ambayo hayafanani hata moja na jingine.

Alipuliza chai yake. Kisha akasema amebeba shaba kwenye njia hii tangu akiwa kijana, hajui ni mizigo mingapi, na hajawahi kuona kitu hata kimoja kilichotengenezwa kwayo hapa hapa, hata kijiko. Inakwenda tu, alisema. Akaniomba nikifika nimtumie picha, nami nilimtumia. Alijibu kwa kuuliza hereni ya pili iko wapi, nikajua Watanzania ni wale wale.

Lubumbashi, kisha vilima

Lubumbashi nililala kwa binamu yake Bea, nikala bukari, ndio ugali wao, kwa samaki wa ziwa Tshangalele waliokaangwa kisha wakapikwa tena kwenye nyanya. Nilikula mpaka nikaona haya. Mwenyeji wangu aliendelea kuongeza, na kila nikisema nimeshiba alisema "bado hauyaanza", na bukari ikaongezeka.

Ukutani sebuleni kulikuwa na picha ya tembo iliyogongwa kwenye bamba la shaba. Kwenye mgahawa tulikokunywa chai asubuhi, tembo mwingine. Kwa jirani aliyetupa lifti, tembo pamoja na mwanamke mwenye mtungi. Nilipouliza, waliniambia kila nyumba ya Katanga ina picha ya namna hiyo, na kwamba wanaume wa migodini zamani walikuwa wakizigonga wenyewe wakitoka kazini. Zilikuwa kazi nzuri, zilizogongwa kwa uvumilivu, lakini nilipofika kwenye tembo wa tatu nilikuwa nimeanza kumchoka tembo.

Safari ya Likasi ilipaswa kuwa fupi. Ilirefushwa na mvua, na mama mmoja aliyekuwa anasafirisha bata ndani ya gari dogo la abiria, bata ambaye alipata uhuru wake katikati ya njia. Nimeshawahi kumkamata kuku, lakini bata aliyelowa katikati ya miguu ya watu wazima saba ni jambo lingine. Tulifika vilima vimefunikwa na ukungu, barabara za mji zimejaa maua ya zambarau yaliyoangushwa na mvua, na Bea amesimama chini ya paa la duka la dawa akinisubiri bila mwavuli. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mwenye makovu madogo ya moto kwenye vidole kama mimi. Tuliangaliana mikono kabla ya sura.

Gereji ya Bea

Anafanyia kazi kwenye gereji ya nyumba aliyoacha marehemu baba yake. Babu yake alitoka Kasai kuja kuajiriwa mgodini, baba akawa fundi wa mitambo, na baada ya zamu alikuwa akigonga tembo kama wenzake. Nyundo zake ndizo anazotumia Bea hadi leo.

Kwenye ukuta mmoja amepanga kazi zake tangu aanze. Alinisimamisha hapo, akaniacha nitazame mwenyewe. Ya kwanza ni tembo wa baba yake, mkubwa, na meno yake na miti nyuma. Pembeni yake ni tembo aliyegongwa na Bea akiwa mwanafunzi wa sanaa, bila miti. Kisha tembo asiye na miguu. Kisha masikio yanaondoka, mkonga unaondoka, na kwenye kipande kinachofuata, ambacho sasa ni kidani cha kuvaa shingoni, umebaki mgongo peke yake: mstari mmoja unaopanda polepole na kushuka ghafla. Hakuna mnyama tena, lakini uzito wake wote uko pale. Baada ya hapo hata mgongo unaacha kuwa mgongo. Kuna pete yenye bamba lililosimama wima juu ya kidole, kikuku kilichoachwa wazi upande mmoja, jiwe la malakiti, lile la kijani lenye michirizi, ambalo hakulikata wala kulisugua, amelishika tu kwa makucha matatu ya waya jinsi lilivyotoka ardhini. Hatumii lehemu. Viungo vyote amevifunga kwa ribiti ndogo na vinaonekana, haoni sababu ya kuvificha.

Ndugu zangu, nilisimama mbele ya ukuta ule nikasahau kwamba nina njaa. Huko kwetu sonara anaulizwa gramu ngapi na bei gani. Huyu alikuwa ametumia miaka yake kujiuliza ni nini kinaweza kuondolewa, na bado pambo likabaki zima. Nilimwonea fahari kama vile nimemzaa.

Lakini kwenye kona ya gereji kulikuwa na mifuko ya simenti, imepangwa vizuri, na haikuwa ya Bea. Ilikuwa ya Donat, kaka yake mkubwa, mfanyabiashara wa simenti, ambaye nyumba iko mikononi mwake sasa. Donat si mtu mbaya, niliongea naye, ana maneno mazuri na anacheka kwa sauti. Ila haoni kazi ya dada yake inamfaa nani. Hakuna mtu Likasi anayeivaa, alisema, wanaonunua ni wageni wanaopita, na wageni wamepungua. Alikuwa amempa Bea mpaka sikukuu ya parokia. Akina mama wa parokia walikuwa wamemwagiza broshi thelathini, yale mapambo ya kubandika kifuani kwa pini, ya kuvaa pamoja na vitenge vyao vya sare. Wakizipenda na kuzivaa, gereji inabaki yake. Wakizikataa, simenti inaingia yote, na nyundo za baba zinakwenda chini ya kitanda.

Bea alinionyesha broshi zenyewe, zimelala kwenye beseni la bati. Alikuwa amezikata kwenye bamba la tangi kuukuu la shaba la maji ya moto, lililong'olewa kwenye nyumba moja ya zamani. Nikainua moja, nikainua nyingine, na moyo ukaniporomoka. Moja ilikuwa na pembe nne zisizo sawa, nyingine nyembamba, nyingine imepinda. Kila moja ilipitiwa na mstari uliogongwa kwa nyundo, hapa juu, pale chini, pengine umekatika na vinundu vidogo. Rangi ilikuwa nzuri ajabu, nyekundu inayokwenda kwenye kahawia, ameipata kwa moto tu. Lakini hazikufanana.

Nikamuuliza akina mama waliomba nini. Akasema waliomba za kufanana. Nikamwambia dada yangu, mteja amekuomba chai, wewe umempikia supu. Alitabasamu tu, akafunika beseni kwa kitambaa.

Ukumbi wa parokia

Mwenyekiti wa akina mama anaitwa Mama Vero. Wao humwita presidente. Ni mzaliwa wa huko huko, anauza samaki wa ziwani, na akiingia mahali hata viti vinajiweka sawa. Pamoja naye alikuwepo Mama Julie, mke wa Donat, ambaye ni mpole na hupenda kila mtu aridhike. Wengine walijaa ukumbi, na mtoto mgongoni kwa kila wa tatu.

Lazima muelewe jambo moja kuhusu akina mama hawa. Sare kwao si mchezo. Harusi ina kitenge chake, msiba una kitenge chake, sikukuu ina kitenge chake, na anayekuja na kitambaa tofauti huulizwa kama amegombana na watu. Kuvaa sawa ndiko kusema tuko pamoja. Kwa hiyo beseni lilipofunuliwa na mikono ikaingia, nilijua kinachokuja. Kila mmoja alichukua yake, akaangalia ya jirani, akairudisha akachukua nyingine. Minong'ono ikapanda. Mama Vero aliinua mbili, moja kila mkono, akazipima kwa macho.

"Bea mutoto yangu," alisema, bila hasira, "tuliomba bintu ya kufanana. Hii, kila moja iko na sura yake. Tutaonekana kama bantu benye kuokota bintu mu njia."

Bea akaomba wamletee meza mbili ndefu. Alitaka kuzipanga broshi kwanza. Na hapo mimi, kwa wema wangu wote, nikasimama. Nilikuwa nimeona mifuko ya simenti na sikutaka kuiona gereji ikifungwa. Nikawaeleza akina mama kwamba mimi pia ni fundi, kwamba mabaki ya bamba yapo, na kwamba nikichonga chapa ya chuma leo, kesho jioni naweza kuwagongea maua madogo thelathini, yanayofanana kama mayai, na jina la Bea likabaki kwenye kazi. Wakapiga makofi. Mama mmoja alinishika mkono kwa shukrani. Habari ya meza ikafa palepale.

Nilipogeuka, Bea alikuwa anazirudisha broshi kwenye beseni, moja moja, bila kuzigonganisha. Njiani kurudi alitangulia na beseni lake. Tulikula bukari na sombe, ndicho kisamvu chao, mimi nikisifia upishi kupita kiasi. Mwishowe alinawa mikono na kuniambia kitu ambacho bado nakisikia.

"Weye ukifunga duka yako, mama, bantu batapata maua fasi ingine. Minye nataka nitengeneze kintu yenye haipatikane fasi ingine. Nikishindwa, basi, simenti iingie."

Nilichonga chapa asubuhi yake kwa sababu nilikuwa nimeahidi mbele ya watu, na nikagonga ua la mfano. Lilikuwa ua safi, lenye petali tano. Mngelipenda.

Ndege asiye na kichwa

Jumamosi mchana akina mama walikuwa ukumbini tena, kujaribu nguo. Fundi cherehani alikuwa amemaliza kushona, na nguo zilining'inia kwenye kamba kutoka dirisha hadi dirisha. Kitenge, wao husema kikwembe, kilikuwa cha buluu, chenye ndege wakubwa weupe wanaoruka. Bea alikuja na beseni lake chini ya mkono, kwa sababu Mama Vero alimtaka alete shaba yote iliyokuwamo, ikatimize hesabu ya maua yangu, na mimi nilikuja na ua langu kwenye leso.

Tulikuta kelele. Mama Julie, yule mpole, alikuwa amesimama mbele ya kioo karibu na machozi. Ndege kwenye blauzi yake alianzia shingoni. Mabawa yalikuwepo, mkia ulikuwepo, kichwa hakuna. Alimuuliza fundi ni kwa nini wengine wana ndege wazima na yeye amepewa mzoga.

Fundi hakuinua hata macho kutoka kwenye uzi. "Kichwa yake iko ku mugongo ya Mama Presidente," alisema. "Kikwembe ni moja, minye nilikata tu. Musimame pamoja, ndege itakuwa muzima."

Ukumbi mzima ulicheka. Mama Vero akajigeuza kujitazama mgongoni, na kweli, kichwa cha ndege kilikuwa pale kati ya mabega yake, kinachungulia. Akamwita Mama Julie, akamsimamisha ubavuni mwake, yeye mwenyewe akiwapa watu mgongo, watu wakaangalia, ndege akawa mzima. Wakaanza wote kutafutana: wewe una bawa, nani ana bawa la pili? Kila mmoja alikuwa na kitambaa kile kile, na hakuna aliyekuwa na kipande sawa na mwenzake. Wamevaa hivyo tangu wasichana na hawakuwahi kusema hiyo si sare.

Kicheko kilipopungua nikamwona Mama Vero ameinama. Alikuwa anatazama beseni. Mfanyabiashara wa samaki hahitaji kuonyeshwa kitu mara mbili.

"Bea," alisema, "jana uliomba meza. Ya kufanya nini?"

Meza zililetwa. Bea akaanza kupanga. Akaweka ile yenye pembe nne, akaweka iliyopinda pembeni yake, na ukingo wa moja ukaingia kwenye ukingo wa nyingine. Mstari uliokuwa unaishia hewani kwenye ya kwanza ukaendelea kwenye ya pili, ukapanda. Akaweka ya tatu, ya nne. Mstari ulipanda na kushuka, na mama mmoja akasema hicho ni kilima cha upande wa Shinkolobwe, anakijua, amezaliwa chini yake. Ukaendelea mpaka ukalala bapa kabisa, broshi nne mfululizo, na Mama Vero akaweka kidole hapo akasema Tshangalele, kana kwamba anamtambua ndugu. Kisha vikaja vile vinundu vilivyosimama, kimoja baada ya kingine, nguzo za umeme zinazotoka Mwadingusha kuja mjini. Zote thelathini zilikuwa kitu kimoja.

Nilikuwa nimezishika kwa mikono yangu na sikuona. Nilizipima moja moja, kama nilivyofundishwa kupima. Nilikunja leso yangu na ua lililokuwa ndani, nikaiweka mfukoni. Hakuna aliyenikumbusha habari ya chapa, na nawashukuru kwa hilo.

Jumapili

Misa ilichelewa kuanza. Kawaida akina mama huingia kwa maandamano, viongozi mbele, wengine nyuma kwa kadiri ya miaka yao kwenye chama. Jumapili ile walikataa utaratibu huo. Walitaka kusimama kwa mstari wa shaba. Mama Vero, presidente, akajikuta katikati, kwenye maji, na Mama Julie akawa wa kwanza kabisa, kwa kuwa yeye alipata mguu wa kilima. Padri alitoka mara mbili mlangoni kuangalia kulikoni.

Ndipo ikagunduliwa kwamba kuna pengo. Mama mmoja alikuwa amesahau broshi yake nyumbani, juu ya kabati. Aliomba waingie tu, nani ataona? Wote wakasema wataona, nguzo moja haipo, umeme utafikaje mjini? Ikabidi akimbie, viatu mkononi, na kwaya ikarudia wimbo wa kuingilia mpaka waimbaji wakabadilishana zamu. Aliporudi anahema walimbandika broshi na kumsukuma mahali pake, wakaingia. Sijawahi kuona kazi ya mikono ya sonara ikitembea hivyo. Watu kwenye viti walikuwa wanageuza shingo pamoja, kutoka kushoto kwenda kulia, wakiufuata mstari. Nililia, na sijali.

Baada ya chakula tulirudi nyumbani kwa Bea, akina mama wengi wakitusindikiza, wakiimba. Mbele ya gereji tulimkuta Donat na kamionete, lile gari dogo la mizigo, imejaa simenti. Alikuwa ameona kila kitu kanisani, akampongeza dada yake kwa dhati, akamkumbatia. Kisha akasema sasa kazi imekwisha, imekwisha vizuri, na hapo kuna nafasi ya mifuko mingine. Hakuwa na ubaya wowote. Kwake kazi iliyokamilika ni kazi iliyokwisha.

Bea hakubisha. Alikuwa amechoka na alikuwa na furaha, na nadhani angemwachia. Mama Vero ndiye aliyesogea mpaka kwenye mlango wa kamionete.

"Donat," alisema, "leo tulikosa moja tu, na misa ilisimama. Ile ya bibi yako, Mama Julie, ikipotea kesho, nani atatengeneza ingine ya kuingia pale pale? Weye na simenti yako?"

Donat akamtazama mke wake. Mama Julie, mpole wetu, alikuwa ameifunika broshi yake kwa kiganja, na hakuondoa mkono wala hakushusha macho. Nyuma yake walisimama wenzake wengine na kila mmoja alikuwa na kipande ambacho hakuna mtu mwingine duniani angeweza kukirudia. Donat alikohoa. Akasema yeye hakusema atafunga, alisema ataweka simenti kidogo. Akaambiwa kwake nyumbani kuna baraza, simenti ikakae huko.

Kamionete iligeuzwa. Bea akafungua gereji, akaanza kuitoa mifuko iliyokuwa kwenye kona, nami nikashika upande wa pili wa mfuko. Nimetengeneza hereni nyingi mno katika maisha yangu, zote mapacha, zote safi, na hakuna hata moja ambayo mtu angesimama mbele ya gari kwa ajili ya aliyeitengeneza. Niliibeba ile mifuko kwa furaha kubwa na kwa wivu, na hadi leo sijui kipi kilikuwa kizito zaidi.